Neno refu la Kiingereza: ulikate kwa makofi, kwa mkia wake, kwa kamusi au kwa sikio?

Moshi na Arusha ni miji ambayo neno refu la Kiingereza halibaki darasani. Mwongoza watalii anayeanza safari ya Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame lazima awaeleze wageni jioni ya kwanza maana ya acclimatization, yaani mwili kuzoea hewa nyembamba kadiri wanavyopanda kuelekea mita 5,895. Mpishi wa kambini anauliza nani ni vegetarian. Mhudumu wa mapokezi pale mjini anapokea kundi la volunteers. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia nzima imejaa maneno yenye urefu wa treni. Wote wanauliza jambo moja: neno hili nalikata wapi, na nguvu naiweka kwenye kipande kipi?

Njia za kujibu swali hilo ni nyingi, na kila mwalimu ana yake. Nimechukua nne ninazoona zikitumika kweli: kupiga makofi, kutazama mkia wa neno, kusoma alama za kamusi, na kusikiliza kisha kuiga. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile.

Kwanza, kwa nini tunahangaika

Kiswahili kimetuzoesha vizuri mno. Kila irabu inasikika, kila irabu ni silabi, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-RU-sha, MO-shi, ki-li-ma-NJA-ro. Yapo maneno machache yanayokwenda kinyume, kama LA-zi-ma kwa baadhi ya wasemaji, lakini ni ya kuhesabika. Kiingereza hakina makazi hayo ya kudumu. Mkazo unaweza kuwa wa kwanza, wa kati au wa mwisho, na silabi zisizo na mkazo hunyongwa hadi irabu zake zibaki sauti hafifu, au zipotee kabisa.

Kwa hiyo tatizo letu lina sehemu tatu, si moja: idadi ya silabi, mahali pa mkazo, na irabu zipi zinafifia. Hizo ndizo vigezo vyangu vitatu vya kwanza. Naongeza viwili: je, njia inasaidia kwa neno ambalo hujawahi kulisikia? Na inahitaji nini, yaani muda, bando, kitabu au mwalimu?

Nitatumia maneno manne ya majaribio. Majibu yake ni haya, herufi kubwa zikionyesha mkazo mkuu:

acclimatization: a-klai-ma-tai-ZEI-shn, silabi 6
rhinoceros: rai-NO-sa-ras, silabi 4
comfortable: KAMF-ta-bl, silabi 3 kwa wasemaji wengi
volunteer: vo-lan-TIA, silabi 3, hiyo TIA ikitamkwa kwa pumzi moja

Angalia jinsi mkazo unavyohama: silabi ya tano, ya pili, ya kwanza, ya tatu.

Njia ya 1: Kupiga makofi

Inavyofanyika: unalisema neno polepole na kupiga kofi moja kwa kila silabi. Wasiotaka kelele huweka mgongo wa mkono chini ya kidevu. Kila kidevu kinaposhuka, hesabu silabi moja.

Inachotoa: hesabu, na hasa inafichua irabu tulizoongeza wenyewe. Mtu akisoma acclimatization kwa mazoea ya Kiswahili atapiga a-kli-ma-ti-za-ti-o-ni, makofi 8. Akijua kwamba jibu ni 6, anaona papo hapo kwamba mkia -tion umegeuka silabi tatu badala ya moja. Kwa darasa lenye watoto wengi, hilo ni jambo kubwa na halina gharama yoyote.

Inapokwama: makofi yanahesabu unachosema, si unachopaswa kusema. Leopard imeandikwa kama silabi tatu, ila ni mbili tu, LE-pad. Vegetable inaonekana nne, wengi husema tatu, VEJ-ta-bl. Bila mtu anayejua matamshi, darasa zima linaweza kupiga makofi manne kwa comfortable kwa sauti moja na furaha tele, na mkazo ukaangukia TA kwa sababu ndipo Kiswahili kingeuweka. Kuhusu mkazo, njia hii haikuambii kitu. Inakusaidia kuukariri tu ukishaujua, kwa kupiga kofi moja kubwa na mengine madogo. Kwa neno jipya kabisa ni dhaifu.

Inamfaa: mwalimu wa madarasa ya chini, mzazi anayesaidia mtoto nyumbani, na yeyote mwenye tabia ya kuongeza irabu mwishoni mwa maneno.

Njia ya 2: Kutazama mkia wa neno

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu naamini ndiyo njia ambayo msemaji wa Kiswahili amezaliwa nayo nusu. Sisi tunakata viambishi tangu utotoni: mtoto wa miaka mitatu anajua tofauti ya anasoma, alisoma na atasoma bila kufundishwa sarufi. Kiingereza nacho kinabeba viambishi, na vile vya mwisho ndivyo vinavyoamua mkazo wa maneno mengi marefu.

Inavyofanyika: usianze kusoma neno kutoka mbele. Tazama mkia, utambue kundi lake, kisha hesabu kutoka mwisho. Makundi makubwa ni manne.

Kundi la kwanza lina -tion, -sion, -cian na -ic. Mkazo unakaa kwenye silabi inayotangulia mkia. Kwa kuwa mikia hii hutamkwa kama silabi moja, mkazo unaangukia ya pili kutoka mwisho: con-ser-VA-tion, de-hy-DRA-tion, ex-pe-DI-tion, phy-SI-cian, fan-TAS-tic. Hiyo ndiyo kanuni ya Kiswahili yenyewe! Katika kundi hili mazoea yetu ni mali, sharti tu usiipasue -tion kuwa ti-o-ni. Ndiyo maana acclimatization, neno la herufi 15 linalotisha kwa macho, kwa mkazo ni rahisi kuliko rhinoceros.

Kundi la pili lina -ity, -logy, -graphy, -ical, -ia na mara nyingi -ian. Hapa mkazo ni wa tatu kutoka mwisho: se-CU-ri-ty, an-thro-PO-lo-gy, pho-TO-gra-phy, hy-po-THER-mi-a, ve-ge-TA-ri-an. Hapa ndipo mazoea yetu yanapotuangusha, kwa sababu ulimi unataka kwenda ya pili. Mtu akishika jambo moja tu katika makala haya, ningependa liwe hili: neno refu la kitaalamu lisilo na -tion wala -ic, jaribu kwanza silabi ya tatu kutoka mwisho.

Kundi la tatu lina mikia inayobeba mkazo yenyewe: -eer, -ee, -ese. Vo-lun-TEER, en-gi-NEER, re-fu-GEE, Ja-pa-NESE. Coffee na committee zinaenda kinyume, KO-fi na ko-MI-ti, na kwa watu wa Moshi hilo la kwanza ni vizuri kulijua.

Kundi la nne lina mikia isiyogusa chochote: -ment, -ness, -ly, -er, -ing, -ful, -less, na mara nyingi -able. Tafuta neno lililobaki ukiuondoa mkia, weka mkazo wake, kisha rudisha mkia ulivyokuwa. De-VE-lop, de-VE-lo-per, de-VE-lop-ment. MA-nage, MA-na-ger, MA-nage-ment. Hapa tunavutwa na maneno tuliyokwisha kuyakaribisha kwenye Kiswahili: tumezoea kusema me-NE-ja na hos-pi-TA-li, na ni sahihi kabisa tukisema Kiswahili. Tukivuka kwenda Kiingereza, mkazo unarudi mbele: MA-na-ger, HOS-pi-tal.

Inachotoa: mkazo, tena kwa maneno ambayo hujawahi kuyasikia. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa hilo ukiwa mikono mitupu. Mwongozaji anayepeleka wageni Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959, atakutana na paleoanthropology, yaani elimu ya binadamu wa kale kupitia visukuku. Ni silabi nane, lakini mkia ni -logy: hesabu tatu kutoka mwisho, pa-li-o-an-thro-PO-lo-gy. Imekwisha.

Inapokwama: maneno yasiyo na mkia unaofahamika. Rhinoceros haina. Majina ya wanyama na visukuku yaliyotoka Kigiriki na Kilatini mara nyingi hufuata ile ya tatu kutoka mwisho: rhi-NO-ce-ros, hip-po-PO-ta-mus, Zin-JAN-thro-pus, aus-tra-lo-PI-the-cus. Lakini si sheria ya kuapia, maana hyena ni hai-I-na, flamingo ni fla-MIN-go, na giraffe mkazo uko mwisho, ji-RAF. Zipo pia tofauti ndani ya makundi: Arabic, Catholic, politics na arithmetic zina -ic ila hazitii amri, na television kwa kawaida huanza na mkazo mbele. Kuhusu irabu zinazofifia, njia hii inakuachia kazi. Itakuambia comfortable ina nguvu mwanzoni, kwa kuwa comfort ni KAM-fat, lakini haikuambii kwamba silabi moja imemezwa.

Inamfaa: mwanafunzi wa sekondari na chuo, waongoza watalii, wanaosoma uhifadhi pale Mweka, na yeyote anayekutana na maneno mapya kila siku kuliko anavyoweza kuyatafuta.

Njia ya 3: Alama za kamusi

Inavyofanyika: unafungua kamusi inayoonyesha matamshi na kusoma kilicho kati ya mistari miwili ya mshazari. Kwa neno letu la kwanza utakuta /əˌklaɪmətaɪˈzeɪʃn/. Alama zinatisha, lakini kwa kazi hii unahitaji tatu tu. Kistari cha juu ˈ kinatangulia silabi yenye mkazo mkuu. Kistari cha chini ˌ kinatangulia mkazo mdogo. Na ə ndiyo irabu iliyofifia, sauti ambayo Kiswahili hakina: mdomo umelegea, ulimi umepumzika katikati. Nyingine utazizoea taratibu.

Inachotoa: vyote vitatu kwa pamoja. Idadi, mkazo na irabu zilizofifia, bila kubahatisha. Watu wamefanya kazi hii kwa uangalifu kwa zaidi ya karne. Kamusi ya matamshi ya Daniel Jones ilitoka mwaka 1917, na ile ya John Wells ya Longman mwaka 1990. Leo kamusi za Cambridge na Oxford za wanafunzi ziko bure mtandaoni. Kamusi pia inakupa tofauti ambayo mkia hauwezi kukupa: permit ikiwa nomino, yaani kibali cha kuingia hifadhini, ni PER-mit, ikiwa kitenzi, kuruhusu, ni per-MIT. Wanaokaa kwenye dirisha la malango ya hifadhi wanalitumia neno hili kutwa.

Inapokwama: kuna mtego mmoja ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Kamusi nyingi za Kimarekani huweka nukta ndani ya neno lenyewe la kichwa, na wanafunzi huzihesabu kama silabi. Nukta zile zinaonyesha mahali unaporuhusiwa kukata neno mwisho wa mstari unapoandika. About ina silabi mbili, lakini huenda ukaikuta bila nukta yoyote, kwa sababu haipendezi kuacha herufi moja peke yake mwisho wa mstari. Ukitaka silabi, soma matamshi, usihesabu nukta. Mtego mwingine ni kwamba kamusi nyingi ndogo za mfukoni zinatoa maana tu, hazina alama za sauti. Na bila shaka kamusi ni ya polepole. Mgeni amesimama mbele yako anasubiri jibu, hutafungua kitabu.

Inamfaa: mwalimu anayeandaa somo, mfasiri, mtu atakayesoma hotuba mbele ya watu, na mwanafunzi mwenye subira ya kujifunza alama mara moja na kuzitumia maisha yote.

Njia ya 4: Kusikiliza na kuiga

Inavyofanyika: unabonyeza alama ya spika kwenye kamusi ya mtandaoni, au unamsikiliza msemaji, unarudia papo hapo kwa mdundo uleule. Wanaoifanya vizuri hujirekodi kwenye simu na kulinganisha.

Inachotoa: irabu zinazofifia na mdundo mzima, kuliko njia nyingine yoyote. KAMF-ta-bl huwezi kuielewa vizuri kwa maandishi. Ukiisikia mara kadhaa inaingia. Na neno lililoingia kwa sikio linatoka lenyewe wakati wa presha, jambo ambalo kanuni haiwezi kuahidi.

Inapokwama: sikio lililolelewa na Kiswahili husikia kilichozoeleka, na mara nyingi halioni mkazo umekaa wapi mpaka mtu aambiwe atege silabi ipi. Pili, unamwiga nani? Maneno kadhaa yana mkazo tofauti Uingereza na Marekani. Laboratory ni la-BO-ra-tri kwa Mwingereza na LA-bra-to-ri kwa Mmarekani. Advertisement ni ad-VER-tis-ment huko na AD-ver-taiz-ment kule. Hata garage ni GA-raj Uingereza na ga-RAJ Marekani. Zote ni sahihi. Chagua upande mmoja ubaki nao. Tatu, wageni wengi wanaopita Arusha Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mfaransa huvuta mkazo kwenda mwisho wa maneno kama lugha yake inavyomfundisha. Ni mtu mwema wa kuzungumza naye, lakini si kipimo cha mkazo. Tena njia hii inakula bando, na haikusaidii kwa neno ambalo hujalisikia.

Inamfaa: wahudumu wa hoteli, madereva wa safari, wapagazi wanaojiandaa kuwa waongozaji, na wote ambao maneno yao ya kazi ni yaleyale kila siku.

Zinavyokaa zikiwekwa pamoja

Kwa idadi ya silabi, kamusi na sikio ni za kuaminika. Makofi ni kipimo cha makosa yetu zaidi ya kuwa chanzo cha jibu. Kwa mkazo, kamusi haikosei, mkia unapatia mara nyingi, na sikio linategemea umefundishwa kusikia nini. Irabu dhaifu ni eneo la sikio na kamusi. Neno geni kabisa ukiwa huna chochote mkononi ni eneo la mkia peke yake. Gharama: makofi na mkia ni bure, kamusi inahitaji muda, sikio linahitaji simu na bando.

Je, mkazo una uzito huo wote? Kati yetu wenyewe, Mtanzania, Mkenya na Mganda wakikaa mkutanoni Arusha, mkazo ukikosewa wanaelewana bila shida, na hakuna sababu ya mtu kuonea aibu lafudhi yake. Lakini msikilizaji aliyezaliwa na Kiingereza hulitafuta neno kichwani mwake kupitia silabi yenye nguvu. Ukiihamisha, anaweza kukosa neno zima hata kama kila herufi umeitamka. Mlimani, hypothermia (mwili kupoteza joto kupita kiasi), hypoxia (mwili kukosa oksijeni ya kutosha) na evacuate (kumwondoa mtu kwenye hatari) ni maneno ya usalama wa watu. Hayo ningependa kila anayepanda na wageni ayaseme bila kusita: hai-po-THER-mi-a, hai-POK-si-a, i-VA-kyu-eit. Kwa bahati nzuri yote matatu ni ya tatu kutoka mwisho.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama unapanda mlima wiki ijayo, acha kanuni kwa sasa. Andika maneno ya maelezo yako ya jioni, yasikilize ukiwa bado mjini wenye mtandao, yaandike kwa silabi zako mwenyewe na herufi kubwa kwenye mkazo, na uyarudie njiani.

Kama uko Kidato cha Kwanza au cha Pili, anza na mkia. Kundi moja kwa wiki linatosha. Maneno ya Biolojia na Jiografia yamejaa -tion, -logy na -graphy, kwa hiyo utalipwa haraka. Maneno yanayogoma kuingia kwenye kundi, yaweke kwenye ukurasa wake na uyatafutie kamusi siku ukipata nafasi.

Kama unafundisha darasa kubwa lisilo na vifaa, makofi ni yako, ila hakiki kila neno kwenye kamusi kabla ya kuingia darasani, kisha andika idadi sahihi ubaoni kabla ya kofi la kwanza. Watoto wakizoea, ongeza kofi kubwa kwa silabi ya mkazo.

Kama kazi yako ni mapokezi, mgahawa au usukani, maneno yako muhimu ni machache. Tumia sikio, chagua Uingereza au Marekani, jirekodi. Comfortable, vegetarian, reservation na available yakikaa sawa, sehemu kubwa ya siku yako imekaa sawa.

Kama utasoma taarifa mbele ya watu, kwenye semina au kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, usitegemee kumbukumbu. Pitia karatasi usiku uliotangulia ukiwa na kamusi, weka kistari kwa kalamu juu ya kila silabi ya mkazo kwenye maneno marefu, na kwa yale yenye sura mbili kama permit na record, angalia kwanza kama kwenye sentensi yako ni nomino au kitenzi.

Na kama wewe ni mpagazi unayetaka leseni ya uongozaji, una muda wa kuchanganya: mkia kwa maneno ya vitabuni, sikio kwa maneno ya njiani. Jioni kambini mwombe mwongozaji wako akupe neno moja refu, likate kutoka mwisho, litamke mbele yake, na mkishuka Moshi lihakiki kwenye simu.